Mzigo Umekaa Ekseli Gani?

Haya niliyasema mbele ya madereva wa malori ya masafa marefu, chini ya turubai, siku ya mkutano wao wa mwaka. Nimeyaandika kutoka kwenye rekodi ya simu, nikaacha nje kikohozi changu na honi za waliochelewa.

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa chama, wazee wangu mliokwisha kuachia usukani, kaka zangu, na dada zangu wawili niliowaona kule nyuma, hongereni kwa kuwa wawili, mwakani muwe kumi. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za safari?

Mimi ni daktari wa upasuaji, ila mbele yenu nimesimama zaidi kama mtoto wa dereva. Baba yangu aliendesha Scania njia ya Tunduma, mpakani na Zambia, miaka 26. Likizo za shule nilizimalizia kwenye kebini, miguu imekanyaga dumu la maji. Najua mtu akipiga simu usiku wa manane akasema "nipo Ruaha Mbuyuni" anamaanisha nini. Na kwa kuwa nilikaa na mama pia, najua kwamba huenda hayupo Ruaha Mbuyuni. Chekeni tu, nimeyakuta.

Mwenyekiti aliponipigia alisema, "Daktari, njoo uwaseme hawa juu ya vitambi vyao, uwatishe kidogo." Nimekuja kwa kitambi, ni kweli. Kutisha sitatisha, maana mtu aliyetishwa hujificha, na mimi wanaojificha nawapokea wodini wamechelewa. Nitazungumzia kitambi na kiungo kimoja ambacho hakuna anayekitaja mezani: utumbo mpana, pamoja na kipande chake cha mwisho kinachoitwa puru, pale choo kinaposubiria kutoka. Saratani ya sehemu hizo ni ya tatu duniani kwa wingi na ya pili kwa kuua. Mwaka 2022 peke yake iliwapata watu zaidi ya milioni 1.9, na waliokufa kwa ajili yake walikuwa takriban laki tisa.

Sasa nianze na jambo ambalo nyinyi mnalijua kuliko mimi. Ukiingia mizani ya Vigwaza, au Mikese, au Makambako, jumla yako inaweza kuwa haijavuka tani 56 zinazoruhusiwa, na bado ukapigwa faini. Kwa nini?

(Mzee mmoja mbele: "Ekseli imezidi!")

Ekseli imezidi, mhimili mmoja wa magurudumu umelemewa. Mzigo ni uleule, umekaa pabaya. Hapo, baba, umeeleza jambo ambalo sisi madaktari tulichukua miaka mingi kulielewa. Mafuta yakikaa chini ya ngozi, mapajani na makalioni, ni mzigo uliopangwa vizuri kwenye tela. Yakijaa ndani ya tumbo, yakauzunguka utumbo na kuingia hadi kwenye ini, hiyo ndiyo ekseli iliyozidi. Watu wa lishe wanaita kiribatumbo, na aliyelitunga jina hilo alikuwa na macho: kiriba ni ule mfuko wa ngozi wa kubebea maji, umejaa, unaning'inia. Nikimpasua mtu wa namna hiyo nakutana kwanza na mafuta ya manjano kama samli iliyoganda, tabaka juu ya tabaka, na shuka zima la mafuta limefunika matumbo. Utumbo wenyewe nautafuta kwa mkono, kama mtu aliyeangusha ufunguo kwenye gunia la unga.

Nilipokuwa mwanafunzi tuliambiwa mafuta ni stoo ya mwili: umekula zaidi, umeweka akiba, siku ya njaa utaitoa. Siku hizi tunajua kwamba stoo hiyo ina watu ndani na wanafanya kazi usiku na mchana. Mafuta ya tumboni yanatengeneza homoni na kuzimwaga kwenye damu. Yanaufanya mwili usiisikie insulini, homoni inayodhibiti sukari, basi kongosho inajibu kwa kutoa insulini nyingi zaidi, kama mtu anayempigia kelele kiziwi. Ile insulini ya ziada, pamoja na homoni nyingine ya ukuaji inayofanana nayo, inaziambia seli za mwili: kueni, ongezekeni, msife.

Na kwenye utumbo mpana amri hiyo inafika mahali pabaya. Ngozi ya ndani ya utumbo hujivua na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache, mara nne au tano kwa mwezi na zaidi. Nyinyi mnajua: tairi linalofunguliwa na kufungwa kila siku ndilo ambalo siku moja nati yake itasahauliwa. Seli zinazogawanyika hivyo hazikosi kukosea, na seli iliyokosea ikisikia "kua, usife", inatii. Juu ya hapo mafuta hayo yanawasha moto wa chini kwa chini mwilini, kama makaa chini ya majivu, haukuunguzi ukaruka, ila haufi. Kinaota kinyama kidogo ukutani, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Hakiumi. Mara nyingi huchukua miaka kumi hivi kabla hakijawa saratani, na katika miaka yote hiyo daktari mwenye kamera anaweza kukiona na kukikata siku hiyohiyo, ukaenda nyumbani kwa miguu yako.

Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliwakusanya wataalamu wakapitia ushahidi wote, wakataja aina 13 za saratani zinazoongezewa hatari na mafuta ya ziada mwilini. Ya utumbo mpana na puru imo.

Hatari ni kubwa kiasi gani? Hapa niwe mkweli, maana wauza dawa za kukata kitambi hawatawaambia. Marekani, ambako hesabu zimewekwa miaka mingi, katika watu 100 takriban 4 huipata saratani hii maishani mwao. Mwenye kiribatumbo hatari yake inapanda kwa takriban asilimia 30. Piga hesabu: wanne wanakuwa watano na ushee. Wengi wenye vitambi hawataipata kamwe. Na wembamba nao wanaipata. Chadwick Boseman, yule mwigizaji, alikufa nayo Agosti 2020 akiwa na miaka 43, na mwili wake mliuona. Pelé aliyekimbia uwanjani maisha yake yote ilimchukua Desemba 2022. Kwa hiyo wewe mwembamba unayemcheka mwenzako hapo, tulia kwanza, nakuja kwako.

Ila wanaume sikilizeni. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2008 zilionyesha kwamba kwa mwanamume wa kimo cha kawaida, kila kilo 15 hivi zinazoongezeka hupandisha hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban robo. Kwa mwanamke, chini ya moja ya kumi. Sababu moja ni hiyo ya ekseli: mwanamume akinenepa, mzigo huwa unakwenda tumboni moja kwa moja. Kwenye puru uhusiano na unene ni dhaifu zaidi. Na nyinyi dada zangu msishangilie sana. Utafiti uliofuata wauguzi wa kike zaidi ya 85,000 Marekani, ukatoka mwaka 2019, uliona kwamba wenye kiribatumbo walikuwa na hatari karibu mara mbili ya kupata saratani hii kabla ya kufika miaka 50. Na kwa kuwa kule inazidi kuwapata wenye umri mdogo, tangu 2021 wanashauri watu wasio na dalili waanze kupimwa wakifika miaka 45, badala ya 50 ya zamani.

Chakula nitakipitia upesi, maana najua kuna wali unanukia pale. Alikuwapo daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, Mwairishi wa jicho moja, aliyefanya kazi Uganda, hospitali ya Mulago, mpaka miaka ya 1960. Kuna saratani ya watoto inaitwa kwa jina lake. Yeye aliporudi Uingereza alijiuliza: mbona kule Afrika karibu sikukutana na saratani ya utumbo mpana, na hapa imejaa? Mwaka 1971 akaandika kwamba ni chakula, kwamba Mwafrika wa kijijini anakula vitu vyenye makapi na choo chake hakikai ndani siku tatu. Hakupatia kila kitu, lakini alikuwa ameshika uzi. Mwaka 2015 watafiti wakafanya jambo la ujanja: waliwachukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa kijijini Afrika Kusini, wakabadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani wakala mahindi, maharage na mboga. Wenzao wakala baga, chipsi na soseji. Wiki mbili hazitoshi kuota kitambi. Lakini ukuta wa utumbo ulikuwa umeshabadilika: kwa Wamarekani dalili za hatari zilishuka, kwa wale wa kijijini zikapanda.

Nanyi mnakula nini? Supu na chapati nne asubuhi, chipsi mayai saa nane, soda mbili na vile vinywaji vya kukatia usingizi, usiku nyama choma. Siwalaumu. Barabarani mtu anakula kinachouzwa barabarani, na hakuna aliyewahi kuegesha semi tela mbele ya mama anayeuza kisamvu. Naomba mawili tu. Ukikuta penye ugali wa dona, acha sembe. Lile kapi tunalolikoboa na kulirudishia kuku ndilo Burkitt alilokuwa akililia. Na pale Ilula mnaponunua nyanya za kupeleka nyumbani, mbili zile zibaki kebini.

Sasa niwaambie habari ya baba yangu.

Alikuwa na kitambi cha heshima. Kilo 98, kimo mita 1.72. Mtaani walimwita bosi, na tulipokuwa watoto tulikipiga kile kitambi kama ngoma. Akaanza kuona damu chooni. Akaenda zahanati moja, akaandikiwa bawasiri bila mtu kumgusa. Akarudi, bawasiri. Akanunua dawa ya mizizi kwa mzee mmoja, kwenye chupa ya maji ya nusu lita, rangi ya chai ya rangi, anakunywa vifuniko viwili kabla ya kuwasha gari. Damu inaacha wiki mbili, inarudi. Hivyo hivyo mwaka mmoja na miezi minne.

Mimi wakati huo nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari. Nilikuwa nakuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, nakaa naye meza moja, nina vitabu vya ugonjwa wake begani. Hakuniambia. Angeanzaje kumwambia binti yake habari za haja kubwa?

Akaanza kupungua. Mama alifurahi, akasema mzee ameacha bia. Majirani wakasema ni sukari. Suruali zake zilipelekwa kwa fundi cherehani kupunguzwa kiuno mara mbili mwaka uleule, na kila mara fundi aliandika vipimo kwa chaki kwenye ubao wake. Ukiniuliza nani alikuwa wa kwanza kuupima ugonjwa wa baba, ni yule fundi.

Siku alipolazwa, mizani ya wodi ilisoma kilo 72.

Hapa nataka muelewe kitu, maana kuna maneno yanazunguka kwenye WhatsApp kwamba mnene akiugua saratani anapona kuliko mwembamba, kwa hiyo tuleni. Msingi wake upo. Tafiti kadhaa ziliwatazama wagonjwa siku walipogundulika, zikaona wenye uzito uliozidi kidogo wanaishi zaidi kuliko wenye uzito wa kawaida. Lakini nyinyi watu wa mizani mtaliona shimo lake. Baba yangu, kwa kilo 72 na kimo kile, angewekwa kapu la uzito wa kawaida. Wangemwita mwembamba! Lori limepakuliwa porini usiku, kisha mizani inasoma kwamba lilitoka Dar likiwa jepesi. Ugonjwa ndio ulioiba kilo 26, na wagonjwa sana kama yeye ndio wanaolijaza kapu lile na kulifanya lionekane baya. Jingine ni misuli. Mtu mwenye nyama ya mwili anastahimili dawa na kisu, na mizani haitofautishi msuli na mafuta. Anayeingia hospitali na kitambi kikubwa kweli, na misuli imekwisha kwa kukaa, huyo ndiye tunayemhofia kuliko wote.

Maana kwenye chumba cha upasuaji unene unatudai. Muda unakuwa mrefu. Kidonda cha mtu mwenye mafuta mengi kinaoza upesi, kwa sababu mafuta hayana mishipa mingi ya damu. Kule chini kwenye nyonga nafasi ya mkono ni ndogo, kama kufunga nati nyuma ya injini kwa kupapasa. Kisha kuna mfuko.

Baba uvimbe wake ulikuwa chini kabisa, puru yote ikaondolewa. Akatobolewa tundu upande wa kushoto wa tumbo, choo kinatokea pale kwenye mfuko wa plastiki uliobandikwa. Alikuwa amekonda, lakini ngozi ya kitambi haikukonda naye. Ililegea, ikajikunja, na tundu liliwekwa ndani ya mkunjo. Akisimama mfuko umeshika, akikaa, unabanduka. Akirukuu, unavuja. Aliacha kwenda msikitini Ijumaa, akasema miguu inauma. Dereva wa miaka 26 anaogopa kupanda daladala vituo vitatu.

Leo kabla sijampasua mgonjwa mwenye tumbo kubwa, namkalisha, namwinamisha, namwambia avae suruali yake na mkanda wake, kisha namkabidhi kalamu: wewe unaona wapi utapafikia na utapaona kwa macho yako? Mara nyingi ni juu ya kitovu, mahali ambapo vitabu vya zamani havikusema. Ni dakika tano. Baba hakupewa dakika hizo tano.

Na dawa za dripu. Dozi yake hupigwa kwa uzito na kimo. Kwa miaka mingi madaktari walipoona hesabu ya mgonjwa mnene imetoka kubwa, waliogopa wakaipunguza. Wakidhani wanamhurumia, wakampa dawa isiyotosha kuua saratani. Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2012 kwamba mnene apewe dozi kamili ya mwili wake. Kwa hiyo ukiwa na ndugu yako mnene anatibiwa, uliza kwa adabu: daktari, dozi hii ni ya kilo zake zote?

Hakuna daktari anayeweza kumnyooshea baba yangu kidole akasema kilo hizi ndizo zilizokuletea. Nilisema, kwenye puru uhusiano ni mdogo. Kilichomwangusha zaidi ni lile neno bawasiri. Aliishi miaka mitatu.

Kuna habari njema moja na ni ya juzijuzi. Juni 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti ulioongozwa kutoka Kanada. Wagonjwa 889 waliokwisha kupasuliwa saratani ya utumbo mpana na kumaliza dawa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja wakapewa kitabu cha ushauri. Kundi la pili wakapewa mtu wa kuwasimamia mazoezi miaka mitatu. Mazoezi gani? Wengi ni kutembea kwa haraka, dakika 45 hadi saa nzima, mara tatu au nne kwa wiki juu ya walichokuwa wakifanya. Baada ya miaka minane, katika kundi la kitabu watu 83 katika kila 100 walikuwa hai. Katika kundi la kutembea, 90. Kuna dawa za mamilioni zisizofika hapo. Na hawakupungua uzito sana! Faida ilikuja hata kitambi kikiwa bado kipo, kwa hiyo usiseme "ngoja nipungue kwanza ndipo nianze". Foleni ya Tunduma mnaijua urefu wake. Mwachie utingo gari, itembee foleni yote mpaka kwenye geti, urudi.

Dakika mbili za mwisho, na hapa ninawasemea wanene na wembamba pamoja. Damu kwenye choo, iwe nyekundu au choo cheusi kama lami. Choo kilichobadilika tabia wiki kadhaa: ulikuwa unakwenda mara moja, sasa mara tano, au kimekuwa chembamba. Unatoka chooni unahisi hujamaliza. Unapungua bila kujinyima. Unaishiwa damu na wewe ni mwanamume, huna hedhi, damu inakwenda wapi? Nenda. Ukiambiwa bawasiri, sema sawa daktari, umeiona? Kuna kipimo cha kidole chenye glovu, hakimalizi dakika moja.

(Kicheko kirefu.)

Chekeni, nawasubiri. Nyie oili mnaipima kwa kuitazama boneti? Si unachomoa kijiti, unafuta, unakirudisha, unakichomoa tena? Haya. Kidole hakifiki kila mahali, na kikikosa kuna kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, na kuna kamera inayopita utumbo wote. Lakini kidole ndicho cha bei rahisi, na kingemkuta baba siku ya kwanza kabisa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimekuja na futi hii, ni ya fundi cherehani, ile laini. Nilimwomba yule mzee aliyekuwa akipunguza suruali za baba, akanipa. Tutapima kiuno kwenye usawa wa kitovu, umetoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Nawaona mmeshaanza kuvuta. Mwanamume, sentimita 94 ni taa ya njano, 102 nyekundu. Dada zangu, 80 na 88. Haitaandikwa jina la mtu. Sista yuko pale chini ya mwembe, na kwenye kile chumba cha mlinzi yupo daktari mwenzangu, mwanamume, kwa mwenye neno la kusema asilotaka kumwambia binti yake.

Wa kwanza ni mwenyekiti. Tulikubaliana kwenye simu. Simama, mzee, uvue koti.